Maendeleo ya uganga yapimwe kwa mgonjwa aliyepona

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, idara za uganga katika vyuo vikuu vyetu hutangaza hesabu: diploma ngapi zimetolewa, waprofesa wangapi wamepandishwa cheo. Ni vizuri, lakini haitoshi.

Tukumbuke Novemba 2018. Ebola ilikuwa ikiua watu Beni, Katwa, Butembo na Mangina, huku vita vikiendelea. Profesa Jean-Jacques Muyembe, wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na mkurugenzi wa INRB, akishirikiana na watafiti wa Marekani, alianzisha majaribio ya dawa 4 kwa wagonjwa huko huko Kivu ya Kaskazini. Agosti 2019 jibu likapatikana: dawa 2 ziliokoa watu wengi kuliko zingine. Moja kati ya hizo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Tangu Yambuku, 1976, tulikuwa tunangoja dawa. Jibu lilikuja chini ya mwaka 1.

Huo ndio mwaka wa maendeleo. Lakini damu ilitoka kwetu, na dawa inatengenezwa ng'ambo. Serikali isipotia pesa katika maabara na katika mishahara ya watafiti, tutaendelea kutoa damu na kuomba dawa.

Kwa hiyo, wakubwa wa fakilte watakaposoma ripoti zao, wazazi na wanafunzi tuwaulize swali moja: ni mgonjwa gani aliyekuwa akifa mwaka jana, na leo anapona?