Mgeni Apewe Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jirani na Kasokola, wakimbizi wa Burundi waliofika tangu 1972 walipewa ardhi Katumba, wakalima. Mwaka 2014 wao na wenzao wa Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000, walipewa uraia. Wajukuu wao ni wenzetu bwenini.

Lakini Australia, kwa vipindi tangu 2001, imewapeleka waomba hifadhi Nauru, kisiwa cha kilomita za mraba 21 tu. Huko mgeni hungoja, na mwenyeji huzoea kula fedha za kungoja kwake. Mimi naona hali hiyo huwadhuru wote wawili. Wanaolalamika kwamba ardhi yetu inapungua wasikilizwe. Hata hivyo, heri jirani mkulima kuliko mgeni wa kulipiwa.