Tufungue njia ya maji kwanza



Mvua ikishika hapa Lusangi, bustani nyingi za mboga zinageuka kidimbwi. Lengalenga inakuwa manjano, kitunguu kinaoza, na watu wanasema udongo umekosa mbolea. Hapana. Mizizi inapumua. Maji yakijaza udongo, hewa inatoka na mizizi inakufa. Mbolea utakayomwaga pale ni falanga umetupa.

Kwa maoni yangu, tunaanza kazi kwa mwisho. Tunanunua matofali, tunapanga kingo za matuta zikanyooka kama barabara, wageni wanasifu. Lakini tuta lililozibwa pande zote, bila mufereji, ni beseni tu.

Muanze hivi. Chimbeni shimo la sentimita 30, mujaze maji, yakiisha mujaze tena. Kama asubuhi maji yangali ndani, pale panahitaji mufereji. Ushuke kidogo tu, sentimita 1 kwa kila meta 1. Ukishuka sana utakula udongo. Nyuma ya pale inueni tuta: upana meta 1, kwenda juu sentimita 20 hadi 30, na mbolea ya majani ndani. Musilime udongo ukiwa tope, sababu ukikauka utakuwa mugumu kama tofali.

Ukingo unakuja mwisho. Mianzi ya kupasua na vigingi vinatosha, maji yanapita katikati. Muchaichai ukipandwa kandokando unashika udongo kwa mizizi yake. Shina la mugomba ni la bure, lakini linaoza upesi na linaita mududu anayetoboa migomba. Lisikae karibu na shamba la ndizi.

Sasa, maji yataenda wapi? Tukiyasukuma kwa jirani, tumehamisha shida, na kesho tutakuwa mbele ya chifu. Kabla ya jembe la kwanza, tutembee ile njia pamoja naye. Kama kuna bonde chini, mupunga wa bondeni utayapokea vizuri.

Wamama ndio wanaolima mboga, na zikioza, wao ndio wanakosa ya kuuza sokoni na ya kupika jioni. Pia wao ndio wanajua maji yanatuama wapi. Basi mukutano ukikaa kugawa falanga ya bustani, wao waseme kwanza, na mufereji upate fungu lake mbele ya matofali.