Majibu kwa Wasomaji: Kodeki Mbili Katika Kompyuta Moja

Bibi mmoja katika wasomaji wetu ametuletea barua yenye masikitiko. Anazo diski mbili za harusi za nyumbani kwao, moja ya mwaka 2001 na nyingine ya 2003, na katika hiyo ya pili yumo marehemu baba yao akizungumza na wageni. Alipotia kodeki ya zamani katika kompyuta, diski ya kwanza ilionekana, na ya pili ikatoa sauti tupu pasipo sura. Alipotia kodeki mpya, mambo yakageuka. Jirani amemshauri azigeuze zote ziwe za namna ya kisasa, kisha azitupe diski. Auliza, je, afanye hivyo?

Twamjibu: asizitupe.

Kodeki ndiyo ibanayo picha wakati wa kuhifadhi na kuzikunjua wakati wa kutazama. Faili la AVI, namna iliyotolewa na Microsoft mwaka 1992, huchukua kichwani mwake herufi nne za kuitaja kodeki iliyolibana. DIV3 ni ya DivX 3.11, ambayo Mfaransa Jérôme Rota aliipata kwa kuichokoa kodeki ya Microsoft (jina lake likaandikwa pamoja na alama ya kukonyeza jicho, nasi twaona lilistahili). DIVX ni ya toleo la 4, la mwaka 2001, na DX50 ni ya toleo la 5, la 2002. Windows huzitazama herufi hizo katika daftari lake, na kila jina humo huelekeza kwenye kodeki moja tu. Ya pili ikijitwalia jina la ya kwanza, ya kwanza haiitwi tena, ijapokuwa ingalimo. Hapo ndipo ugomvi wa diski zake ulipo.

Basi dada yetu na aziondoe kodeki zote alizozitia, aweke programu ya VLC, isiyo na malipo, ambayo asili yake ni kazi ya wanafunzi wa École Centrale ya Paris iliyoanza mwaka 1996. Hii imebeba wakunjuaji wake yenyewe, aghalabu kutoka FFmpeg aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2000, wala hailiulizi daftari la Windows. Matoleo yote tuliyoyataja huonekana humo bila ya kusukumana.

Wako wanaobadili zile herufi nne ili kuilaghai kompyuta. Baina ya DIVX na XVID hila hiyo huweza kufaa, kwa kuwa zote zafuata kanuni ya MPEG-4. Kwa DIV3 haifai, maana kodeki ile haikuifuata kanuni hiyo sawasawa.

Ama kuzigeuza filamu, kila picha ikibanwa upya hupotea kitu, khasa nyuso za watu walio mbali na kamera, na kilichopotea hakirudi. Kwanza anakili mafaili kama yalivyo, mahali pawili mbalimbali. Akisha, aweza kufanya nakala ya H.264 ya kuwapelekea jamaa katika simu zao.

Na diski ya 2003 ikikataa kusomeka, asiisugue kwa kuizungusha. Atwae kitambaa laini, aifute kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha aijaribu katika kisomeo kingine.