Saa za dereva wa pamba nazo zihesabiwe
Rubani wa Marekani anayetaka safari za ziada huomba zile zilizobaki wazi kwenye ratiba, na mwenye miaka mingi kazini ndiye huchagua kwanza, safari na likizo pia. Lakini hata awe na shida ya fedha kiasi gani, akifikisha saa 1,000 angani ndani ya siku 365, basi. Ndege ya Colgan Air ilipoanguka karibu na Buffalo Februari 2009 na kuua watu 50, uchovu wa marubani ulijadiliwa mpaka kanuni za mapumziko zikaandikwa upya. Lakini hapa Mwandoya, Tanzania, msimu wa pamba ukishafunguliwa, dereva wa lori anashusha mzigo kiwandani usiku, anarudi alfajiri, anajinyoosha juu ya turubali huku wapakiaji wakirusha magunia, kisha anaamshwa aondoke tena. Analipwa kwa tripu. Kukataa tripu ni kukataa ada ya mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo, na saa za ziada zisizidi 50 kwa wiki 4, lakini asiye na mkataba mkononi ataidai wapi haki hiyo? Madereva waligoma Aprili 2015, na mikataba ilikuwa miongoni mwa madai yao. Kabla ya msimu ujao, wenye malori na vyama vya ushirika wakae waandike: tripu ngapi kwa siku, nani anapokea usukani dereva akichoka, na siku zake za kupumzika zinalipwaje.