Gari Lipimwe kwa Kimo cha Abiria

Mtu akiulizwa katika wilaya za Tarime na Serengeti gari zuri ni lipi, kwanza huifikiria barabara. Hutaja magurudumu makubwa, injini yenye nguvu, na tumbo la gari lililo mbali na mawe. Jibu hilo lina sababu. Barabara kuu itokayo Makutano, ikavuka Mto Mara katika daraja la Kirumi na kufika Sirari mpakani mwa Kenya, ni ya lami. Lakini njia nyingi ziendazo vijijini, katika milima ya Tarime na katika mabonde ya Serengeti, ni za changarawe au udongo mtupu. Wakati wa masika udongo mweusi wa mabondeni hunata kama ulimbo, na gari fupi hulala pale pale lilipokwama.

Katika makala haya nataka kudai kwamba jibu hilo, ingawa lina sababu, limeacha nusu ya swali. Kazi ya gari si kupita barabarani tu. Watu huingia ndani yake na kutoka. Abiria anapokuwa mtu asiyeweza kutembea vema, kama vile mzee mwenye maumivu ya nyonga, mgonjwa wa kiharusi, kijana aliyevunjika uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, nusu hiyo iliyoachwa ndiyo huamua kama atafika hospitalini, shuleni na sokoni, au atabaki nyumbani.

Nitaeleza kwanza kosa la nyumbani kwetu. Miaka michache iliyopita mama yangu mzazi, akaaye katika kijiji kimoja cha Tarime, alipatwa na kiharusi kilichoudhoofisha upande wake wa kushoto. Akawa anatumia kiti cha magurudumu, na anaweza kusimama kwa muda mfupi akishikilia mkongojo. Sisi watoto wake tulichanga fedha tukanunua gari kuukuu, refu, liendeshwalo kwa magurudumu yote manne, la aina ile ambayo watalii huonekana nayo wakielekea Seronera. Kijiji kizima kilitusifu. Siku ya kwanza ya kumpeleka kliniki tuligundua kwamba kiti cha gari kilikuwa juu ya kiuno chake. Wanaume wawili walimshika makwapani wakamnyanyua, na mmoja wao alikuwa mume wa dada yangu. Msomaji ajuaye heshima iliyopo baina ya mkwe na mama mkwe wake katika jamii yetu ya Wakurya hatahitaji maelezo zaidi. Bega lake la kushoto lilimuuma kwa wiki kadhaa. Tulipomwendea mwezi uliofuata alisema, "Mwanangu, waambieni huko kwamba nimepona." Hakuwa amepona. Alikaa miezi mitano bila kupimwa shinikizo la damu, na gari limesimama uani.

Siku moja, gari letu likiwa kwa fundi, tulikodi Probox, gari lile lile la kawaida libebalo abiria katika kila mji wa mkoa wa Mara. Mama alikitazama kiti, akageuka, akakaa mwenyewe, kisha akauvuta mguu wa kushoto ndani kwa mkono wa kulia. Mimi mwenye shahada ya uzamivu ya uhandisi kutoka ng'ambo nilisimama pale nimeshika mkoba wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jioni ile nilichukua utepe wa kupimia. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa na kimo cha sentimeta 50 kutoka ardhini. Kiti cha ile Probox kilikuwa sentimeta 56. Kiti cha gari letu kilikuwa sentimeta 92. Tofauti ya kwanza ni sentimeta 6, na tofauti ya pili ni sentimeta 42. Namba hiyo moja, yaani tofauti baina ya kimo cha mahali abiria alipoketi na kimo cha mahali atakapoketi, ndiyo nidaiyo kuwa ipimwe kabla ya kuuliza bei ya gari.

Hebu tuichunguze kwa elimu ya fizikia. Mwanafunzi wa sekondari aweza kukadiria kazi inayofanyika. Abiria mwenye tungamo la kilo 60 akipandishwa sentimeta 42, kazi itakiwayo ni 60 × 9.8 × 0.42, yaani karibu jouli 247. Kazi hiyo ni ndogo. Mtu mzima hufanya kazi ya kiasi hicho kila apandapo vidato viwili vya ngazi. Hapa ndipo hesabu inapoweza kutudanganya, kwa kuwa tatizo la mgonjwa si jumla ya kazi. Tatizo ni kani itakiwayo kwa mara moja, pamoja na kiungo kitakachoitoa. Apandaye ngazi huigawa kazi yake kwa miguu miwili, hatua kwa hatua. Mwenye mguu mmoja tu wenye nguvu hana pa kuigawa.

Tulitazame goti kama egemeo la wenzo. Mtu anyanyukapo kutoka kitini, kadiri paja lake lilivyolala ndivyo mstari wa uzito wa mwili unavyokuwa mbali na goti, na ndivyo msuli wa paja unavyolazimika kuvuta kwa kani kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo gari fupi mno nalo halifai. Kuingia ndani yake ni rahisi, maana mwili hushuka kwa uzito wake wenyewe, lakini kutoka ni taabu, na kichwa hugonga paa. Kiti kifaacho ni kile ambacho abiria akikaa pembeni mwake, nyayo zikiwa ardhini, nyonga zake huwa juu kidogo ya magoti.

Kuhusu kunyanyuliwa na watu, wataalamu wa tiba ya viungo huonya kwamba mgonjwa wa kiharusi asivutwe mkono wala kushikwa kwapa la upande uliopooza. Misuli inayolishikilia fupa la bega mahali pake huwa imelegea, na bega huweza kuteguka kwa urahisi. Basi nguvu za vijana si badala ya kipimo.

Jambo la pili la kupima ni mlango. Mlango wa kuburuta, kama ule wa nyuma wa magari ya aina ya Noah, huacha nafasi pana, na kiti cha magurudumu huweza kusogezwa hadi karibu kabisa na kiti cha gari. Lakini hata mlango wa kawaida una siri yake. Nchini kwetu usukani uko kulia, na abiria wa mbele huingilia mlango wa kushoto. Akisimama na kukipa kiti mgongo, mkono wake wa kulia huelekea mbele ya gari, mahali penye mlango na dashibodi pa kushikilia, na ili atazame mbele hugeukia kuliani. Kwa hiyo mlango huo wamfaa mtu mwenye upande wa kulia ulio na nguvu, kama mama yangu. Aliyepooza upande wa kulia atapata nafuu zaidi akiingilia mlango wa nyuma wa upande wa kulia, ambako mambo yote hayo hugeuka. Dereva lazima aegeshe mbali na magari yapitayo, kwa kuwa mlango huo hufungukia barabarani.

Jambo la tatu ni mahali pa kukaa wakati wa safari. Gari lipitapo juu ya matuta huyumba mbele na nyuma mfano wa pembea ya ubao. Sehemu ya katikati hutikisika kidogo, na ncha zake hutikisika sana. Mtu asiye na nguvu za kiwiliwili asiketishwe nyuma kabisa, juu ya ekseli, hata kama hapo ndipo penye nafasi. Afungwe mkanda wa usalama. Ikiwa hana hisia sehemu za chini za mwili, awekewe mto mzuri na asaidiwe kujiinua mara kwa mara njiani, la sivyo ngozi yake itaweza kupata vidonda vya mgandamizo bila yeye kuhisi maumivu.

Najua jibu nitakalopewa. Wataniambia, "Bwana Daktari, Probox yako itatufikisha wapi mwezi wa Aprili?" Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Mtu akaaye kando ya lami, katika mji wa Tarime au Sirari, hana sababu ya kununua gari refu kwa ajili ya mzazi asiyeweza kupanda. Lakini akaaye ndani ya vijiji vya Serengeti, mbali na Mugumu, pengine hana budi kuwa nalo. Afanyeje?

Wengine hutumia ubao wa kuegemeza. Tuupime nao. Kiti cha magurudumu pamoja na mtu wake huenda vikafikia kilo 80, yaani uzito wa nyutoni 784. Ukiwasukuma kwenye ubao wa mita 1.8 hadi sakafu ya gari yenye kimo cha sentimeta 60, utahitaji kani ya nyutoni 261, bila kuhesabu msuguano. Hiyo ni sawa na kubeba kilo 27 huku ukipanda mwinamo mkali, na ukiteleza abiria huanguka nyuma. Kipimo kikubaliwacho katika nchi nyingi ni sentimeta 12 za urefu kwa kila sentimeta 1 ya kimo. Kwa kipimo hicho kani hushuka hadi nyutoni 65 hivi, lakini ubao ungepaswa kuwa na urefu wa mita 7.2. Hakuna gari litakalobeba ubao huo.

Nilipokuwa nikisoma Uingereza nilivutiwa na mabasi yawezayo kuinama upande mmoja kituoni ili sakafu yake ikaribiane na ukingo wa barabara. Teksi za London nazo hulazimika, tangu mwaka 2000, kuweza kumpokea abiria akiwa kitini mwake cha magurudumu. Kwa muda mrefu nilidhani siri iko katika mitambo ya mabasi. Baadaye niliona kwamba nusu ya kazi hufanywa na ule ukingo, jiwe lililoinuliwa ambalo halina injini wala vipuri. Basi likishuka kidogo, ardhi imekwisha kupanda kidogo.

Sisi tunaweza kuipandisha ardhi. Nyumbani kwetu tulijenga tuta la mawe na udongo ulioshindiliwa, lenye kimo cha sentimeta 42, yaani 92 kutoa 50. Mteremko wake una urefu wa mita 5, kwa kufuata kipimo kile cha 12 kwa 1. Ukingoni tuliweka mawe ya kuzuia magurudumu, tukaacha wazi sehemu moja iliyo mkabala na mlango wa gari, na pembeni tukachimba mfereji wa maji ya mvua. Kabla ya kujenga tulipima pia kimo cha ncha ya chini ya mlango, ili ufunguke bila kugonga tuta. Mama hupanda akisukumwa na mjukuu wake wa darasa la sita, gari huegeshwa ubavuni, naye huhama kwa kuteleza juu ya ubao laini. Hanyanyuliwi na mtu. Gari ni lile lile, na sasa anaenda kliniki kila mwezi.

Lakini tuta la nyumbani ni nusu ya safari. Afikapo hospitalini hukuta uwanja ulio sawa, na tofauti ya sentimeta 42 humngoja hapo. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 chautaja usafiri waziwazi. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Naamini halmashauri zetu za Tarime na Serengeti zinaweza kuanza kuitekeleza ahadi hiyo kwa mawe yaliyojaa milimani kwetu. Kila hospitali na kila kituo cha afya kingejengewa tuta moja la namna hiyo, au mawili ya vimo mbalimbali, gharama yake ingekuwa ndogo mno kuliko ya gari moja.

Nawaomba walimu wa fizikia waligeuze jambo hili kuwa zoezi. Wanafunzi waende kituo cha magari wakiwa na utepe wa kupimia, waombe ruhusa ya madereva, nao waandike kwa kila aina ya gari kimo cha kiti, upana wa mlango ukiwa wazi, na kimo cha ncha ya chini ya mlango. Kisha wapime viti vya wazee wa nyumbani kwao, pamoja na viti vya magurudumu popote vilipo, wakitoe kimo kimoja katika kingine. Jedwali litakalopatikana libandikwe mahali ambapo wanunuzi na madereva wataliona. Na kabla ya kupima chochote, wamwulize mwenye kiti angependa kuingiaje garini.