Mashine ya kansa bila mpimaji ni ahadi nusu

Viongozi wakiahidi mashine ya miale kwa wagonjwa wa kansa huku mashariki ya Kongo, watu wanapiga makofi. Hakuna anayeuliza nani ataipima.

Mgonjwa aliyelala chini yake haoni miale wala haisikii. Ikipungua, uvimbe unabaki. Ikizidi, nyama nzima inaungua, na pengine madhara yanajitokeza miezi baadaye. Ndiyo maana mashine za umeme hupimwa kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kwa kawaida, tofauti ikipita asilimia 3, kazi inasimama. Zile za kobalti 60 nguvu yao inashuka kama asilimia 1 kila mwezi, basi dakika za matibabu lazima zihesabiwe upya. Na mashine inazeeka: ile ya Mulago, Kampala, ya tangu 1995, iliharibika mwaka 2016, Uganda nzima ikabaki bila nyingine.

Mama aliyekimbia vita, aliyechangiwa nauli na jamaa kambini, atajuaje kama kipimo chake ni sawa? Wabunge wa Kivu waulizwe mapema: mwanafizikia yuko wapi, vifaa vya kupimia viko wapi, na umeme usiokatika-katika utatoka wapi?