Hata Eliya alilala kwanza

JE, wewe hulala ukihesabu karo na kodi ya nyumba, ukaamka umechoka kuliko ulivyolala? Huo ni msongo wa mawazo. Ukidumu kwa miezi, huharibu usingizi na waweza kupandisha shinikizo la damu.

Mkristo akielemewa huambiwa aongeze maombi, naye hukesha kila usiku. Lakini msomaji, fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii Eliya, akimkimbia Yezebeli, alichoka hata akaomba kufa. Malaika hakumkemea kwa imani haba. Eliya alilala, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akalishwa tena. Sauti ya Mungu aliisikia baadaye, mlimani Horebu.

Basi omba, kisha uzime taa. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Punguza chai ya jioni. Mweleze mwenzio au mchungaji yanayokusumbua. Huzuni ikipita wiki 2, ama ukianza kutamani kufa, mwone daktari upesi. Kwenda hospitali si kukosa imani.